Majani ya Daktari Lin na Ugali wa Mzee Ntandu

Utemini, Singida
Jumapili jioni, jua halijazama

Mama yangu mpenzi,

Hata kabla sijakusalimu nataka nikuambie neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, si wasichana wenzangu wa shule, wala Mama Mdogo ambaye nalala nyumbani kwake. Baba Mdogo anamdanganya daktari kuhusu chakula anachokula, na uongo huo unapita mdomoni mwangu mimi. Basi. Nimeliandika haraka nisije nikabadili mawazo.

Sasa shikamoo, Mama. Hujambo? Kifua kimeachia? Mvua huko Mitundu imewakumbuka? Huku ilikuja siku moja, ikaloanisha vumbi, ikaenda zake. Mimi mwili ni mzima. Kilichochoka ni moyo.

Zamani nisingethubutu kukuandikia haya. Barua zangu alikuwa akikusomea mwalimu wa dini, na akishasoma yeye, watu wote kisimani wanajua. Lakini barua yako ya mwisho umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Nilipoifungua nililia kidogo, nikasema nina mafua. Herufi zako zimelala upande kama mbuzi waliochoka, lakini zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea. Usiache kisomo cha watu wazima, Mama, hata wakati wa kupalilia. Nakuandikia kwa herufi kubwa ili usome peke yako. Nakuomba tena: peke yako.

Nimechoka na majani. Hilo ndilo jambo lenyewe, ngoja nilieleze toka mwanzo.

Unajua Baba Mdogo anaendesha gari la hospitali, anawapeleka waganga kwenye vijiji vya ujamaa. Wakati wa mavuno kichwa kilimuuma siku nyingi, akapimwa na Daktari Lin, mtaalamu kutoka China, akakutwa na presha. Daktari Lin ni mama mfupi, akicheka anaziba mdomo. Kiswahili anajua kusema karibu, pole, na vua shati. Kiingereza anakijua, ila anakwenda nacho polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwa hiyo Baba Mdogo akanichukua mimi. Akamwambia kila mtu pale kwenye foleni, "Huyu binti yangu yuko sekondari. Kiingereza anakinywa kama uji!"

Mama, unanijua. Hata darasani nikiulizwa, jibu naliambia dawati. Nilisimama pale nimeshika mikono, masikio yanawaka moto.

Daktari akampa vidonge, akasema jioni aache ugali mzito, aache mafuta ya kondoo, na chumvi apunguze sana. Halafu akatuita mimi na Mama Mdogo jikoni kwake, atuonyeshe chakula cha jioni cha kwao, chepesi, cha siku za kazi, ambacho ukitoka kibaruani unakipika mara moja. Unachukua nyama ya kuku isiyo na mfupa, unaikatakata kwa kisu juu ya ubao mpaka inakuwa laini kama imesagwa. Unatia mafuta ya alizeti kidogo mno kwenye karai, unakaanga kitunguu maji, kitunguu saumu na tangawizi, unatia kuku, unatia karoti zilizokatwa kama njiti za kiberiti. Mwisho unakamulia ndimu, unanyunyizia karanga zilizopondwa. Yeye ana chupa ya mchuzi mweusi wa kwao, wa chumvi kali, akatutilia matone tu, akasema kwa mgonjwa hayo yanatosha na chumvi nyingine tusitie. Kisha jambo la ajabu: hakuna ugali wala wali. Unachukua jani bichi la saladi, unalaza nyama ndani, unakunja kama unavyomfunga mtoto kwenye kanga, unakula kwa mkono.

Ni kitamu, Mama. Jani linakatika kwa sauti mdomoni, la baridi, halafu ndani unakutana na moto wa tangawizi. Nilikula matatu kabla sijakumbuka kuona haya.

Kurudi nyumbani Mama Mdogo akasema kesho yake anapika yeye, amekwisha elewa. Nikatoka shule nikakuta saladi yote iko chunguni, imechemka na karanga kama mlenda. Imebaki maji ya kijani. Mama Mdogo anazungusha mwiko anaitafuta.

"Mboga gani hii inayokimbia chunguni?"

"Mama Mdogo, ile haipikwi. Inaliwa mbichi."

"Mbichi nilidhani ni kwa sababu tulikuwa wageni wake! Nani anawapa watu majani mabichi nyumbani kwake? Mbuzi atasema nini?"

Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu. Shuleni tuna bustani ya kujitegemea, saladi tunaipanda wenyewe, tunaimwagilia wenyewe, na hakuna anayeitaka, kwa hiyo mwalimu wa bustani ananiachia nichume. Kila jioni nakatakata, nakaanga, naosha majani moja moja maana mchanga wa huku unaujua. Baba Mdogo anakula, anasifu, analamba vidole. Halafu anasimama, anajinyoosha. "Naenda kwa Mzee Ntandu kusikiliza taarifa ya habari."

Mzee Ntandu ni jirani wa nyumba ya pili, ana redio. Na pale nje kwake, kama ilivyo kwetu, ndipo wanaume wa nyumba hizi wanakula pamoja, kila mke anatoa sahani yake. Sisi tuliacha kupeleka sahani toka daktari alipokataza. Mama Mdogo hafiki pale, mwanamke hasimami penye wanaume wanaokula. Basi anaamini. Anasema, "Mume wangu siku hizi anapenda habari za dunia."

Siku moja mke wa Mzee Ntandu, ambaye ametoka kujifungua, aliniita nipeleke maji ya kunawa kule nje. Nikamkuta Baba Mdogo. Mbele yake kuna ugali wa uwele, mlima, na bakuli la nyama ya kondoo, mafuta yameganda kandokando. Shavu limejaa. Aliponiona hakushtuka hata kidogo.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Habari bado haijaanza."

Nao wanaume wale wangefanyaje? Mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. Akikaribishwa, anaonja. Huwezi kumwambia jirani rudi kwako, daktari kakataza. Mzee Ntandu mwenyewe aliniambia nilipomimina maji, kwa sauti ya chini, "Binti, jirani yangu ana njaa. Kwani kwenu hampiki?"

Mimi, ambaye natoka jasho kwenye karai kila jioni! Nilitaka nimwagie maji yale miguuni. Nikasema, "Tunapika, Mzee," nikaondoka.

Halafu ikaja siku ya kupimwa. Presha iko palepale, tena imepanda kidogo. Daktari Lin akashangaa. Akaniuliza kwa Kiingereza, mwulize, jioni anakula kitu kingine chochote zaidi ya kile chakula? Nikamwuliza. Baba Mdogo akamtazama daktari machoni, akacheka. "Mwambie majani tu. Hivi karibuni nitaota pembe."

Niambie, Mama. Mtoto anamwambiaje mgeni kwamba baba yake anasema uongo, na baba mwenyewe amekaa hapo amevua shati? Nikayapeleka maneno yake kama alivyonipa, hata yale ya pembe. Daktari akaziba mdomo akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaandika vidonge mara mbili ya vile vya kwanza. Akasema kama chakula kimeshindwa, basi ni lazima dawa iongezwe.

Toka aanze kumeza vidonge hivyo, akisimama ghafla anashika ukuta. Anasema ni uchovu. Juzi wakitoka kijijini upande wa Ikungi kichwa kilimzunguka akiwa kwenye usukani, gari likaacha njia likaingia katikati ya shamba la mtama. Ndani kulikuwa na muuguzi na akina mama wawili wajawazito wanaletwa hospitali. Hakuumia mtu. Baba Mdogo alirudi nyumbani na mabua ya mtama yamenasa kwenye taa za gari, akatuambia amemkwepa ng'ombe. Yule muuguzi ndiye aliyenieleza ukweli, akaniambia hakukuwa na ng'ombe wala mkia wake.

Nikakosa usingizi. Nikafikiri, mimi kusema siwezi, lakini kupika naweza. Kama yeye hawezi kukaa mbali na sahani ya wanaume, basi nitaifuata sahani hukohuko. Jana nikachinja jogoo, Mama Mdogo akidhani nina wageni wa shule. Nikakaanga karai zima. Nikapanga majani kwenye sinia kubwa, mazuri kama maua, nikaliweka kwa Mzee Ntandu katikati yao. Nikasema, nikitazama chini, "Chakula cha nyumbani kwetu. Karibuni." Nilijua hawawezi kukikataa, na kikiliwa hicho, ugali utapumzika.

Nikajificha nyuma ya ukuta wa zizi nione.

Mzee Ntandu akachukua jani, akaligeuza huku na huku. "Hili la nini?"

"La kushikia," akasema fundi baiskeli wa nyumba ya kona, kama mtu aliyesoma. "Si unaona lilivyokaa kama kiganja?"

Akamega ugali, Mama. Ugali wa moto kutoka chunguni. Akaulaza kwenye jani la saladi, akachovya kwenye kuku wangu wa tangawizi, akabugia.

"Ee! Vidole haviungui!"

Wote wakamfuata. Na Baba Mdogo! Baba Mdogo niliyemfundisha mimi kukunja! Alikuwa anawaonyesha. "Hapana, hivi. Kunja chini kwanza, ugali usidondoke." Mzee Ntandu akanyanyua mkono akaita, "Binti wa sekondari! Lete majani mengine, na mwambie mke wangu aongeze ugali, leo unakwenda upesi!"

Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, sikujua nicheke au nilie. Nikafanya vyote.

Kesho asubuhi tunarudi kwa Daktari Lin. Nikinyamaza ataongeza vidonge tena, na Baba Mdogo atapanda gari tena, na mashamba hayako kila mahali, kuna mahali pana korongo. Nikisema, nitakuwa mtoto aliyemvua baba yake nguo mbele ya mgeni, baada ya yeye kunipa kitanda, na ada, na viatu hivi nilivyovaa. Siku nzima ya leo nimelizungusha jambo hili kanisani, sikusikia hata mahubiri. Nimeamua nitasema. Nakuandikia ili nisiweze kurudi nyuma, maana wewe sasa unajua.

Nisalimie Babu, mwambie redio anayoiota hata mimi sina. Nisalimie mdogo wangu Zakaria, asiwapige mbuzi mawe. Shangazi Nyamumwi mfinyanzi, mwambie chungu alichonipa hakijapasuka, na jirani yetu mkunga aliyenipokea nilipozaliwa, mpe shikamoo yangu.

Mama, nasikia viatu vya matairi vinakuja barazani. Ni yeye, ametoka kwa Mzee Ntandu. Siku zote nikisikia hatua naisukuma karatasi chini ya kitabu cha jiografia, maana Mama Mdogo anadhani nawaandikia wavulana. Leo siifichi. Naiacha hapa mezani ilivyo, wino haujakauka.

*

Naendelea. Amesoma. Alisimama nyuma yangu, nikamsikia anapumua, nikasikia harufu ya mafuta. Alisoma mpaka pale pa wino mbichi. Nilidhani ataichana. Akavuta kiti akakaa, taratibu, kashika meza.

Akaisogeza karatasi mbele yangu. Halafu akaniuliza, "Ugali wa uwele unaitwaje kwa Kiingereza?"

Nikamwambia hauna jina, nitamweleza daktari unavyopikwa.

"Mweleze vizuri. Asije akadhani ni mkate." Akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Na mafuta ya kondoo?"

"Hayo yana jina, Baba Mdogo."

"Basi kesho utasema vyote. Na habari ya shamba la mtama pia. Mimi nitakaa pale, nitatikisa kichwa, ajue ni kweli." Akatazama uani, Mama Mdogo anatwanga. "Sasa huyu je? Huyu utamwambiaje?"

Sijui nilipata wapi mdomo, Mama. Nikasema, "Huyo hahitaji mkalimani."

Akanitazama kama hajawahi kuniona. Kisha akasimama, akashika ukuta, akangoja kichwa kitulie, akatoka kwenda uani.

Kinu kimenyamaza sasa. Sauti ya Mama Mdogo bado haijaanza.

Ni mimi binti yako unayempenda,
Elifuraha