Mwenyekiti Asiyesikia

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya asubuhi. Mashine ya pili ya kukata majani ya chai ilikuwa na beringi mbovu. Nimeijua kwa kuweka kiganja kwenye ubavu wake. Siku hizi mkono ndio sikio langu.

Baada ya chai ya saa nne meneja alitukusanya mafundi wote. Nilikaa mbele ili nimtazame mdomo. Sikupata kitu, ana masharubu. Wengine walipocheka nami nikacheka. Nimekuja kuelewa baadaye, kwenye tangazo la ukutani. Kuanzia wiki hii mtu hapigi simu karakana wala haiti fundi kwa kelele. Mashine ikiharibika, mwendeshaji anaandika kwenye ukurasa wa mtandao. Fundi anafungua kompyuta, anaona, anajibu hapo hapo.

Wenzangu wamenuna. Wanasema hiyo ni kazi ya makarani. Mimi nimefurahi, na sijamwambia mtu kwa nini. Simu naiogopa kuliko moto.

Kelele za kiwanda zimenila masikio polepole. Mwaka jana daktari wa Kericho aliniandikia kwenye karatasi kwamba mishipa imeharibika na hairudi. Anayejua ni Rael, mke wangu. Na hata yeye anajua nusu.

Jumatano, 5 Machi

Madam Akinyi wa ofisini ndiye anatufundisha. Kwao ni upande wa ziwa, lakini watoto wake wamezaliwa hapa hapa kwenye nyumba za kiwanda. Anaongea taratibu, uso mbele. Namsoma midomo bila shida.

Kipanya kinanishinda. Vidole vimezoea spana. Nataka kufungua kitu kimoja, vinafunguka viwili. Leo nimefuta ripoti yote ya boila. Nilitaka kuvaa koti niende nyumbani.

Akinyi akabonyeza mahali fulani, ripoti ikarudi yote. Kumbe kuna kurudisha. Hiyo imenituliza sana.

Jumamosi, 8 Machi

Kamati ya maji. Mimi ndiye mwenyekiti. Tulianza nje ya kanisa, watu wengi, kila boma limeleta mtu. Mvua ikashuka, tukakimbilia ndani. Chini ya mabati wakati wa mvua mimi nimekwisha. Sipati hata neno moja.

Arap Mutai, naibu wangu, aliongea kirefu. Mkono wake ulielekea juu barabarani, kisha ukaelekea bondeni, kisha akautikisa. Watu wakanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, kama ninavyofanya siku zote. Wengine wakapiga makofi. Tukafunga kwa maombi.

Nimechoka. Kutega macho mkutano mzima kunachosha kuliko kubeba injini.

Jumanne, 11 Machi

Siku nzuri. Nimejibu ripoti zote za zamu bila kumwita Akinyi. Kijana wa mashine ya kukaushia aliandika: "Mzee, inatoa harufu ya kuungua." Nikaandika: "Izime. Nakuja." Akajibu: "Sawa mzee." Mazungumzo kamili, mwanzo na mwisho. Sikubahatisha kitu.

Mchana Akinyi akanifungulia ukurasa mwingine, mweupe tu, usio na mashine wala rangi. Akasema huu watu wengi wanaandika pamoja, kila mmoja anaona ya mwenzake. Akaenda ofisini kwake, mimi nikabaki karakana. Mara herufi zikaanza kutokea zenyewe. Akakosea, akafuta, akaandika upya. Nilimwona akifikiri.

Kisha yakatokea haya: "Mzee Joel, wewe husikii, sivyo?"

Nikaandika ndiyo. Nikafuta. Nikaandika tena.

Akaandika: "Nilijua tangu siku ya kwanza. Sijamwambia mtu."

Nilitoka nje kwanza, nikasimama karibu na kuni za boila mpaka nikatulia.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya.

Kogo Taprandich amekuja jioni. Kogo kwetu ni nyanya. Huyu ni wa bondeni, mjane, jirani yetu tangu nikiwa mtoto. Alibeba mtungi mtupu wa maji. Akauweka mbele ya miguu yangu, akasema maneno mengi, machozi yanatoka. Sikushika hata moja. Akaondoka akauacha pale.

Nikamtazama Rael. Alikuja akaweka mdomo kwenye sikio langu la kushoto, lile linalobaki na kitu kidogo, akapiga kelele: "Ulikubali bonde liachwe! Jumamosi, mbele ya watu wote!"

Nimeelewa yote kwa vipande. Mabomba tuliyopata hayatoshi laini zote mbili, ya bondeni na ya juu. Tulikuwa tumepanga bonde lianze, kwa sababu wao ndio wanapanda mlima na maji mgongoni. Arap Mutai akaomba mabomba yaende juu kwanza, barabara ya Roret, kwenye maduka. Huko ana vyumba vya kupangisha. Bonde lingoje, na hakuna ajuaye mpaka lini. Akauliza mwenyekiti anasemaje. Mwenyekiti akatikisa kichwa.

Rael ameniuliza: "Kama hukusikia, si ungesema?"

Nina aibu. Sikula.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeteremka bondeni asubuhi kabla ya kazi, na mtungi wa kogo, nimeujaza kwenye tangi letu. Nikamwambia Jumamosi sikusikia. Hakuamini. Kwa nini aamini? Namwitikia salamu kila siku njiani. Hajui kwamba naona mkono ukiinuka, nami nasema tu kile kinachosemwa.

Nikashindwa, nikageuka niende. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa michai aliponizunguka mbio akasimama mbele yangu, mdomo wazi, mkono kifuani. Kumbe alikuwa ananiita. Aliniita tena na tena nyuma ya mgongo wangu, na mimi natembea tu.

Hapo ameamini. Alinishika sikio kama ninavyomshika ndama.

Kazini nikamwandikia Akinyi kwenye ule ukurasa. Nimemwambia mambo yote. Nikamwomba aje kwenye mkutano na kompyuta yake, aandike kila neno linalosemwa, nisome. Ameandika: "Kila neno? Watu wenu wanaongea haraka." Kisha: "Nitakuja."

Jumapili, 16 Machi

Tumejaribu njia nyingine kwanza, ili tusimsumbue Akinyi. Simu yangu inaweza kusikiliza mtu na kuandika anachosema. Rael akaishika karibu na mdomo. Yeye ni Mkipsigis wa ndani kabisa, b yake ni p. Akasema bomba la maji. Simu ikaandika pombe la maji. Akarudia kwa hasira. Pombe tena. Akasema mwenyekiti wa mradi wa bomba. Tukasoma: mwenyekiti wa mradi wa pombe.

Rael alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia. Sikumbuki lini tulicheka pamoja hivyo.

Lakini kwa mkutano haifai. Itabidi mtu aandike.

Jumatano, 19 Machi

Arap Mutai amepata habari za masikio yangu. Ameandika kwenye kundi la simu la mradi kwamba mwenyekiti anaugua, tumwombee, apumzike, yeye ataendelea na kazi. Watu wameandika pole. Wameweka mikono ya maombi, mingi.

Nina hasira. Siumwi. Niliandika tusi, nikalitazama, nikafuta. Nikaandika: "Mkutano Jumamosi, kanisani, saa nane. Kila boma lije." Pasta amekubali tutumie runinga kubwa ya nyimbo.

Naogopa. Naogopa kusema kwa mdomo wangu mbele ya watu.

Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika yote leo.

Akinyi alifika mapema na kompyuta, akaiunganisha na runinga. Akatuma linki kwenye kundi ili wenye simu wafungue ukurasa ule ule. Niliomba watu waongee Kiswahili, kwa sababu yeye hajui Kikipsigis. Wazee wengine walikunja uso, lakini wakakubali.

Nikasimama. Nikasema: "Mimi sisikii. Si leo tu. Ni muda mrefu. Jumamosi ile nilikubali kitu ambacho sikukisikia. Naomba mnisamehe, na neno lile tulirudie upya." Maneno yangu yalikuwa nyuma yangu kwenye runinga, meupe, makubwa. Kogo Taprandich mstari wa mbele alikuwa ananitazama mimi, haitazami runinga.

Arap Mutai akasimama. Nikageukia runinga. Aliongea vizuri: pole, tunampenda mzee wetu, ametumika. Kisha herufi zikasimama. Mdomo wake bado unaenda. Nikamtazama Akinyi. Alikuwa ameondoa vidole kwenye kompyuta, anatazama chini.

Nikamwambia: "Andika, madam. Kila neno, tafadhali."

Akaandika: "Mwenyekiti asiyesikia ni kama mchungaji wa ng'ombe asiyeona. Tunamwonea huruma, lakini huruma haileti maji."

Iliniuma. Lakini niliisoma wakati mmoja na watu wengine wote. Si kesho kutoka kwa Rael, si wiki ijayo. Wakati ule ule. Kwa hiyo niliweza kumjibu akiwa bado amesimama. Nikamwambia tutafika kwenye kiti, kwanza tumalize maji.

Mvua ikaanza. Mvua ya Machi, ya mawe. Mabati yakawa yanatetemeka, niliona vumbi likidondoka kwenye mbao za dari. Arap Mutai anaongea, shingo imemsimama mishipa, na watu wa nyuma wanaweka mkono sikioni. Nikaelewa. Hakuna aliyekuwa anasikia. Akinyi amekaa karibu naye, yeye peke yake ndiye anashika maneno na kuyaandika. Kanisa lote likageuza uso kwenye runinga. Wazee, akina mama, vijana wa kuchuma chai, wote wanasoma. Asiyejua kusoma anainamiwa na mwenzake.

Kisha wenye simu wakaanza kuandika wenyewe. Mistari ikatokea chini ya ile ya Akinyi, huku na huku. "Mama yangu alianguka na maji kwenye ule mlima." "Maduka yana matangi ya mvua, bonde halina." Mwenye duka mmoja aliandika kwamba yeye yuko juu na anaweza kungoja. Kogo Taprandich alimpa maneno msichana aliyekaa kando yake, akaandika: "Mimi Taprandich. Nimebeba maji tangu nikiwa mwali. Nataka kuona bomba nikiwa hai." Kanisa lote likayasoma. Arap Mutai aliyasoma pia, akakaa.

Tukapiga kura kwa mikono. Bonde kwanza. Mikono mingi sana.

Halafu kiti. Nilikuwa nimeahidi. Arap Mutai akapendekeza mwenyekiti abadilishwe, ashike yeye. Mikono yangu na mikono yake ilikaribiana, lakini yake ilizidi. Wengine waliomwinulia mkono arap Mutai walikuwa wametoka kuliinulia bonde. Sijui. Labda waliona ni kunipumzisha.

Imeniuma. Naandika ukweli, imeniuma. Wamenipa kusimamia kulaza mabomba, kwa sababu mimi ni fundi. Nimekubali.

Akinyi alifunga kompyuta, akajinyoosha vidole. Nilimpa mkono. Alisema kitu, nikakipata chote: "Mzee, nyinyi mnaongea sana."

Jumanne, 25 Machi

Meneja ameniita. Habari imefika kiwandani. Nilidhani ni barua ya kuondoka. Alinigeuzia skrini yake, akaandika kwamba nibaki karakana, na mafundi wote watumie ukurasa hata wakiwa karibu nami. Amenyoa masharubu. Sijui kama ni kwa sababu yangu, sikuuliza.

Ijumaa, 28 Machi

Mtaro wa mabomba umepita shamba la chai la kogo. Arap Mutai alikuja na jembe lake, akachimba mpaka mchana. Kabla ya kwenda alisimama mbele yangu, akahakikisha naona mdomo, akasema: "Kesho saa mbili." Nikasema sawa.

Mikono ina malengelenge. Nalala mapema.

Jumapili, 30 Machi

Mvua tangu tutoke kanisani. Tumekaa jikoni, Rael anachemsha maziwa. Simu yangu ikatetemeka pajani. Nilidhani ni kazi ya kiwandani.

Alikuwa Rael. Yuko ng'ambo ya meza, miwani puani, anaandika kwa kidole kimoja. Ameomba linki kwa Akinyi, hakuniambia. Ameandika: "Leo kwenye kwaya mama wa sauti ya kwanza alikosea kabisa. Pasta alijifanya anakohoa."

Nilicheka. Nikamuuliza nani huyo. Akaandika jina. Akaandika na la mume wa mama huyo, na kwa nini jana wawili hao hawakusalimiana sokoni. Akaandika kuhusu ng'ombe wa jirani, na kuhusu ndoto aliyoota juu ya mama yangu. Vitu vidogo vidogo. Hakuna hata kimoja ambacho mtu angepiga kelele sikioni kukisema. Miaka hii yote alikuwa navyo, na mimi sikujua.

Anaandika polepole, anakosea, anarudi. Namngoja. Sina haraka.

Maziwa yakapanda, yakamwagika motoni. Rael akaruka kuyaepua, akaniachia sentensi nusu kwenye skrini. Nikangoja arudi aimalize.