Mishale Inayokwenda Kushoto

Kambini, Morogoro
3 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Assalamu alaykum. Hamjambo huko Isevya? Presha ya Mama imetulia? Mimi mzima wa mwili, ila moyo sina. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na haya si maneno ya kupigia kelele mbele ya wenzangu.

Baba, mishale imenigeuka. Ile ile ya kaboni tuliyoichagua pamoja, ugumu namba mia tano, uliyoikata mwenyewe kidogo kidogo mpaka ikanyooka. Mwezi mzima sasa inakwenda kushoto. Nalenga katikati, inapiga pembeni. Jana nilishikwa na hasira nikachukua msumeno nikaufupisha mmoja. Huo ndio umezidi kwenda kushoto.

Mchujo ni tarehe 29. Wanachukua watatu kwenda nje kushindana kwa upinde wa asili, na mwakani mwenye umri wangu hapokelewi tena. Nimefunga cherehani yangu, nimefunga na kibanda, kwa ajili ya hili tu. Nisaidie. Nalia kila nikitoka uwanjani.

Mwanao,
Zuwena


Isevya, Tabora
8 Juni 2024

Mwanangu Zuwena,

Waalaykum salaam, na marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako anakula chumvi kwa kuiba, lakini anatembea.

Nani kakutuma ukate? Mshale si gauni, kwamba ukiupunguza utakaa vizuri. Ukiufupisha unauongezea ugumu, na hiyo yako inakwenda kama migumu tayari. Mshale ukiachiwa hujipinda kidogo, ukaupita ubavu wa upinde, kisha ukanyooka. Ukiwa mgumu kuliko nguvu inayousukuma, haujipindi, unatupwa kushoto. Weka huo msumeno chini kabla sijakasirika.

Fanya hivi. Chukua mmoja uubandue manyoya yote, kisha uupige pamoja na ile yenye manyoya. Manyoya hurekebisha makosa njiani. Mtupu hauna wa kuufichia. Uniandikie umeangukia wapi.

Na jambo jingine. Mishale haibadiliki ikiwa imelala kwenye bomba lake. Uzi wa upinde ni ule ule? Mkono wako mzima? Unavuta mpaka pembe ya mdomo, kama nilivyokufundisha?

Baba yako,
Mustafa


Kambini, Morogoro
13 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mwambie Mama chumvi aache, nitakuja kumsachi.

Mtupu umeanguka kushoto, mbali na wenzake hatua nzima. Uzi ni ule ule. Mkono mzima, wallahi. Navuta mpaka mdomoni kama kawaida. Babu wa babu yako alibeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, akapita hapa hapa Morogoro, halafu mimi nishindwe na uzi? Usinitafutie ugonjwa, Baba. Ni mishale.

Nakutumia yote kwa basi, ndani ya bomba, na barua hii humo humo. Fanya unavyojua wewe. Nisipochaguliwa sijui narudi Tabora na uso gani. Walionicheka, mwanamke na upinde, ndio watakaonipokea stendi. Nakuangukia miguuni, Baba. Sina mwingine wa kumwomba.

Mwanao,
Zuwena


Isevya, Tabora
19 Juni 2024

Mwanangu,

Sisi wazima. Mishale nimeipokea, nimeifanyia kazi, nairudisha kwa basi la leo. Nimefanya nini, usiniulize.

Ipige kama unavyopiga sasa hivi. Usibadilishe kitu. Narudia kwa kuwa wewe ni mbishi: usibadilishe kitu chochote mpaka mchujo upite. Na ukiona umechoka, pumzika hata siku mbili, hakuna atakayekula nafasi yako.

Mama yako amekuwekea karanga za kukaanga. Hazina chumvi, anakukomoa.

Baba yako,
Mustafa


Morogoro
2 Julai 2024

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa salamu fupi. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala.

Mishale yako ilinyooka. Tangu ilipofika mpaka usiku wa kuamkia mchujo ilikuwa inapiga katikati, na wenzangu walianza kunipisha njia kwa heshima. Nilikuombea dua kila nikiuchomoa mmoja.

Baba, nilikudanganya. Bega la kulia linaniuma tangu Mei, na nilikuapia uongo. Niliogopa kocha akijua atanirudisha. Nilidhani bado navuta kama zamani, naumia tu. Asubuhi ya mchujo mwenzangu Agnetha alinipeleka kwa mtu akanichoma sindano ya ganzi. Maumivu yote yakaondoka. Nikavuta mpaka mdomoni kwa raha niliyokuwa nimeisahau.

Mshale wa kwanza ukaenda kulia. Wa pili kulia. Nikasema labda sivuti vya kutosha, nikakaza, ikazidi kwenda kulia. Sikuacha. Nilipiga mpaka kitu kikalia begani, nao walionizunguka wakakisikia. Daktari anasema mshipa umekatika wote. Upinde basi, Baba. Hata kitana siwezi kukiinua.

Niambie uliifanya nini mishale yangu. Nalala nikiuliza hilo, naamka nikiuliza hilo hilo.

Mwanao,
Zuwena


Isevya, Tabora
5 Julai 2024

Mwanangu Zuwena,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili sikuweza. Mama yako analia jikoni akidhani simsikii, na kweli simsikii, ila nayaona mabega yake.

Bomba lilipofika nilitoa upinde pacha wa huo wako, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye gunia la pumba. Nikavuta mpaka mdomoni, mishale ikanyooka. Nikavuta pungufu, ikaenda kushoto vile vile ulivyoandika. Nikajua tatizo ni mkono. Lakini ulikuwa umeapa, nami nikaona haya kukuumbua. Basi nikaingiza kipande cha shaba nyuma ya kila ncha. Mbele kukiwa kuzito mshale hulainika, ukamfaa mtu anayevuta pungufu. Siku ya mchujo ukavuta kama mzima, nayo ikawa laini kupita kiasi.

Kwa hiyo siku ile hukukosea. Ulivuta sawasawa, na ningeiacha mishale kama ilivyokuja ungepiga katikati. Walionicheka mimi kwa kumfundisha binti yangu upinde wangekaa kimya.

Lakini si shaba inayoninyima usingizi. Nilijua mkono wako unaumwa, nikakaa kimya, nikakutengenezea mishale ya kuendelea kuuumiza. Ile mishale ilikuwa inakwenda kushoto ikisema ukweli, na mimi nikaiziba mdomo. Ningekuita nyumbani siku ile ile ungekuja ukinitukana, na mkono wako ungekuwa nao. Sikukuita kwa sababu na mimi nilitaka uchaguliwe. Nilitaka sana, Zuwena, kuliko ulivyojua.

Barua hii inatangulia na basi la leo. Mimi nafuata na la kesho alfajiri, nikishamwacha mama yako kwa dada yake kule Ipuli. Usije kunipokea, nitauliza njia. Na begi usilifunge kwa mkono mmoja. Nikifika nitalifunga mimi.

Baba yako,
Mustafa