Asali Nyeusi Uliyonitilia Kapuni

Wajir

Mdogo wangu Mwanajuma,

Asalaam aleikum. Usishtuke kuona mwandiko. Ngumbaru ile uliyoicheka ndiyo inayokuandikia, sikumwomba mtu mkono. Kifua chako vipi? Usinijibu alhamdulillahi peke yake, niambie kama bado unakohoa. Na mizinga? Siafu hawajaupanda ule mgunga wa mtoni?

Huku tu wazima. Mjukuu wetu Amina ametoka arobaini, amerudi kufundisha, na kitoto chake kinanyonya kama ndama. Maji ya visima vya hapa yana chumvi, chai inakuwa kama machozi, lakini maziwa ya ngamia yapo, sitalalamika. Kazi yangu ni kumbeba mtoto kila siku saa nne nimpeleke shuleni kwa mamake anyonye. Wanafunzi wananiita ayeyo, ndiyo nyanya kwa Kisomali chao, na wananipisha kivulini. Wamelelewa, si kama wajukuu zako.

Sasa nisikilize. Chupa yako niliiona. Ilikuwa chini kabisa ya kapu, imefungwa kwa leso. Tangu masika hatusemezani, nilikufukuza kwenye sufuria mbele ya jirani kwa sababu hutaki kuchemsha asali, halafu unanitilia chupa kimyakimya kama mwizi anayerudisha. Nilikasirika. Nikaiweka kando ya yangu ili Amina aione aibu yako. Yangu ya masega meupe, imechemka, imeenguliwa povu, inang'aa. Yako nyeusi kama chai ya turungi, ina vipande vya nta vinavyoelea.

Amina hakuona aibu yoyote. Alizibeba zote mbili shuleni.

Nilipofika na mtoto nikakuta bilauri mbili mezani zina maji ya zambarau, ile dawa ya kuoshea vidonda. Akatia kijiko cha yako huku, cha yangu kule. Mwanajuma, wallahi rangi ilikufa. Yako iliimeza zambarau yote kabla sijamaliza kumfungua mtoto mgongoni. Yangu ikajivuta, ikajivuta, mpaka mtoto akashiba. Amina akawaambia wasichana kwamba mwili nao hushika kutu kama jembe, na dawa ile ya zambarau ni ndugu yake kutu, inakula vitu. Ndani ya asali mna vitu vilivyotoka kwenye maua vinavyoizuia, na mara nyingi asali nyeusi ndiyo inavyo vingi. Na mimi miaka yote, kwa ukubwa wangu, nachukua masega meupe, meusi nakuachia wewe.

Amina hakuishia hapo. Akaleta uji mwepesi wa wanga katika vikombe viwili, kila kimoja akakitia asali yake, akaviacha katika joto hili la Wajir mpaka adhuhuri. Kisha akadondoshea ayodini, dawa inayougeuza wanga kuwa buluu. Uji wenye asali yako haukugeuka. Wenye yangu ukawa buluu nzito kama wino.

"Nyanya, nyuki hutia kitu kwenye asali kinachomeng'enya wanga. Katika yako kimekufa."

"Asali haifi," nikamwambia. "Nimekulea kwayo, na wewe hapo uko hai unanijibu."

"Utamu umebaki. Kilichokufa ni kazi ya nyuki."

Wasichana wakacheka ndani ya mitandio. Nikasema kosa ni la masega, si langu. Nikamwamuru aichukue hiyo yako, aichemshe kama ninavyochemsha mimi, mpaka povu, tuone. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyepatia hesabu ngumu. Kesho yake akafanya vilevile mbele yangu. Asali yako iliyochemka nayo ikaacha uji ukawa wino.

Si masega basi. Ni moto. Ni sufuria yangu.

Nilikaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Mdudu mdogo vile, hana shule wala ngumbaru, Mola amemfundisha kutia kinga ndani ya nta, na mimi tangu mama atuachie sufuria ile naichoma kazi yake na kujisifu inang'aa. Nililia. Si sana.

Kwa hiyo sufuria ya mama usiiuze, lakini asali isiione tena, pikia mtama. Chuja kwa kitambaa kama ulivyosema, na ufunike, maana wewe ni mzembe wa kufunika. Mavuno haya chagua masega wewe kwanza. Nilikukosea, Mwanajuma.

Nisalimie shemeji anayetufukizia nyuki, mwambie apunguze moshi. Nisalimie mwanangu wa dukani, na mkewe ambaye hajaniandikia hata mstari mmoja. Na yule jirani aliyesikia nikikufukuza, mwite kwako, umpe chai, umsomee barua hii yote kwa sauti, kwa kuwa kelele zangu zile nazo alizisikia zote.

Pale nilipolia, ruka.

Dada yako mkubwa,
Hadija