Nyasi za Mjane wa Maposeni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako imetukuta wazima huku Tanga, ila magoti ya bibi yako yanamsumbua. Unauliza ni nani waliojenga upya kanisa letu la Songea baada ya Maji Maji.

Kuta za udongo tulizijenga sisi Walutheri wachache tuliobaki. Siku moja nilikuwa juu ya paa naezeka, akafika mjane kutoka Maposeni na mzigo wa nyasi kichwani. Marehemu mumewe alikuwa miongoni mwa waliochoma kanisa la kwanza. Alitaka mtoto wake abatizwe.

"Nyasi zako hatuzitaki," nilimwambia kutoka juu.

"Shuka basi unizuie," akajibu. "Aliyechoma amekufa, mimi nimekuja kuezeka. Au mnapenda kunyeshewa?"

Watu walicheka. Mzee wa kanisa, ambaye nyumba yake pia iliteketea, aliunyanyua ule mzigo akanirushia. Nilisita, kisha nikaudaka.

Mtoto alibatizwa Jumapili iliyofuata, nusu ya paa ikiwa bado wazi. Mchungaji alipouliza nani atakuwa msimamizi wake wa ubatizo, nilisimama mimi.

Babu yako akupendaye