Somoe na Mkono wa Mota

Jumatatu, 8 Julai 1996
Nimetoka bondeni na maji, mgongo unaniuma. Binti yangu Somoe hata uji hajanywa. Yuko na mkono wake. Mjomba wake kauchonga kwa mti mwepesi wa kuchongea barakoa, mwenyewe katia mota ya redio kaseti na waya za breki za baiskeli. Mwaka wa tatu huu tangu mashine ya kusaga imkate mkono wa kushoto. Jumamosi vijana wanatoka jandoni. Anataka kucheza nao ngoma mbele ya kijiji kizima cha Makote. Kasema: "Wakinicheka, mama, sitoki tena nje."
Naogopa.

Jumatano, 10 Julai
Nimeuona mkono ukienda. Vidole vinafunguka vyenyewe, taratibu, kama kinyonga. Nimepiga ukelele. Kaka yangu kacheka mpaka patasi ikamdondoka. "Dada, hauna meno huo!"

Ijumaa, 12 Julai
Kwenye maji Mama Hadija kaniuliza: "Mama Somoe, eti mwanao anafuga jini?" Wote wakacheka.
Nimerudi, nimeiba betri zote sita za mkono. Nimezificha juu ya bati, chini ya makopa ya muhogo niliyoanika. Bila betri hachezi. Asipocheza hachekwi.
Najua ni vibaya.

Jumamosi, 13 Julai
Asubuhi Somoe katafuta betri, kakosa, kakaa chini. Hakulia. Uso ule sikuuweza. Nimepanda nikazishusha. Za moto! Zimekula jua tangu jana.
Kaka yangu: "Kumbe ulizianika zipate nguvu! Umefanya la maana, dada."
Nimempa Somoe betri zake.
Uwanjani Somoe kasimama kama mti. Mwili umetulia, mkono peke yake unacheza. Watu wakasogea karibu. Mkono ukasimama, kiuno kikaujibu kwa sindimba. Mkono unauliza, kiuno kinajibu. Halafu vyote pamoja, sikujua tena mti unaishia wapi na mwanangu anaanzia wapi. Wapiga ngoma wakawa wanamfuata yeye! Betri hazikuchoka. Wa kwanza kupiga vigelegele Mama Hadija. Mimi nikapiga mpaka sauti ikakatika. Mwanangu yule! Nimemzaa mimi!

Jumatatu, 15 Julai
Sauti haijarudi. Watu wa kijiji cha Mnyambe wamekuja kumwomba akacheze kwao. Kakubali.
Sasa kakaa uani, mkono kauvua. Khanga hana begani, kigutu kiko juani. Siku zote namfunika watu wakipita.
Mabinti wawili wamepita. "Shikamoo, dada Somoe."
"Marahaba."
Sijamfunika.