Kilichobaki Ndani ya Ndoo

Temeke, Dar es Salaam
Novemba 1983

Mdogo wangu Rosalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe na wote mnaolala chini ya paa moja huko Mueda. Mguu wako unaendeleaje? Mihogo je, na barabara ya kushukia pwani bado ina watu wa bunduki? Mimi mwili ni mzima. Macho bado yanasoma, ingawa kule Chang'ombe ninakosahihisha vitabu kabla havijachapwa, vijana wameanza kunisogezea taa bila kuniuliza.

Pole, mama Fransis. Telegramu yangu ilikwambia kwamba mwanao hayupo tena, ikaishia hapo. Leo nakuandikia ujue alikufaje, na kwa mkono wa nani. Ukishasoma nitakuuliza jambo moja, na jibu lako litaamua kama mwanamke mmoja mwenye watoto ataendelea kulala kwake au atalala gerezani. Soma polepole, na usimpe mtu mwingine akusomee.

Ulipoondoka kurudi kwetu, mwaka bendera yetu ilipopandishwa, uliniachia Fransis ukasema mtoto ni wa mjomba. Mie sikurudi. Nilivuka Ruvuma nikiwa mtu mzima, nikikimbia mabomu, na nimebaki huku mpaka majirani wamesahau kuniita mkimbizi. Kijana nilimsomesha, akapelekwa nje, akarudi na taaluma ya kompyuta. Ofisi moja ya kugawa vyakula kwa maduka ya ushirika ikampa kazi kwenye mashine waliyopewa na wafadhili.

Alinieleza kazi yake mara nyingi, mezani kwangu, kwa penseli. Alipenda lugha moja ya kuiamuru mashine, inaitwa Scheme, mabano matupu mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia ningeikuta kwenye prufu ningemrudishia mpanga herufi. Alicheka sana. Mashine yenyewe haikuijua lugha hiyo, kwa hiyo aliitengenezea mkalimani, yaani programu inayosoma kila agizo na kulitekeleza. Mkalimani alifanya kazi, ila kwa kuchosha: kwa kila herufi moja ya kuandikwa, diski ilizunguka, ikaandika, ikasimama. Hati za mgao wa wiki zilimaliza kutwa nzima. Fransis akatenga nafasi ndogo kwenye kumbukumbu ya mashine, wenyewe wanaiita bafa. Herufi zinakusanywa humo kwanza, na bafa ikijaa zote zinamwagwa kwenye diski kwa mkupuo. Kusoma nako vivyo hivyo, inachotwa bafa nzima, kisha herufi zinatolewa humo moja moja. Kazi ya kutwa ikawa ya kumalizika kabla ya chai. Mkuu wake alimpa mkono mbele ya ofisi nzima.

Kosa lilikuwa mwishoni. Hati ilipokamilika, mkalimani alifunga faili bila kumwaga kilichobaki kwenye bafa ambayo haijajaa. Mabaki yakapotea kimya. Fransis hakuliona, kwa sababu majaribio yake yote aliyatazama kwenye kioo cha mashine, na kwenye kioo kila mstari ulimwagwa papo hapo. Sasa hati ya dereva ilifuata njia ya lori: Kigamboni, Mjimwema, Kimbiji, na mwisho kabisa kijiji kimoja mbele ya Kimbiji ambacho sitakitaja. Kijiji hicho ndicho kilichokuwa kwenye mabaki. Lakini tangazo la kusomwa vijijini lilikuwa bado linapigwa taipu kwa mkono, nalo lilikuwa kamili.

Basi mwenyekiti wa kijiji akasoma mkutanoni kwamba sembe yao imetoka. Meneja wa duka la ushirika, mtu mmoja anayeitwa Shomari, akasema lori halikufika. Wiki iliyofuata likasomwa tangazo jingine, naye akajibu hivyo hivyo. Unajua mwaka huu ulivyo, redio asubuhi na jioni ni wahujumu uchumi, watu wametupa sukari vyooni kwa hofu. Mwanamke mmoja akamuuliza Shomari kama lori la serikali siku hizi ni jini, linatumwa na halionekani. Watu walicheka. Kicheko hicho, nimeambiwa, ndicho kilichowainua.

Walivunja duka, hawakukuta kitu. Wakaenda nyumbani kwake, na chini ya kitanda wakakuta sembe ambayo mkewe, Mwanakombo, alikuwa akiidunduliza kidogo kidogo kutoka kwa ndugu zake wa Temeke, kwa shughuli ya kumtoa mwali binti yao. Hawakusikiliza. Walimpiga kwa mipini ya majembe. Mmoja alichukua jiwe la mizani la duka la Shomari mwenyewe akamvunja nalo taya, ili, alisema, aache kudanganya. Mwingine alimkanyaga kifua mpaka damu ikamtoka puani. Alikufa uani kwake, watoto wakitazama kupitia makuti ya ukuta. Mazikoni hakwenda mtu ila shemeji yake, Kondo, na wazee wachache wa msikitini waliosema maiti haina kosa.

Fransis alilijua hili kwa mzaha. Dereva wa lori, Mwinshehe, alipita ofisini akawauliza nyie wataalamu, kile kijiji cha mwisho mmekifuta kwenye ramani, maana mie hati yangu inaishia Kimbiji na nyie mnasikia kule watu wanauana. Fransis naye alitabasamu. Kisha tabasamu likamtoka. Alifungua programu yake, akaona, akarekebisha: mwaga kwanza, ndipo ufunge. Mstari mmoja, Rosalia. Nimeuona kwa macho yangu, ni mfupi kuliko jina lake la ubatizo.

Akaenda kwa mkuu wake. Mkuu akamjibu kwamba aliyekufa alikufa mhujumu na faili lake limefungwa, na akilifungua yeye, basi mhujumu atakuwa yeye. Usiku huo hakula. Aliniambia kuna mke anayeitwa mke wa mwizi kisimani, na kuna binti ambaye hatatolewa tena mwali kwa sababu hakuna atakayekuja kumcheza, na yeye peke yake ndiye anayeweza kusema. Nilimwomba aandike tu. Akasema hawatasoma, watasomewa, na atakayewasomea ni mwenyekiti. Nikaona siwezi kumwacha aende peke yake.

Tulifika siku ya arobaini ya marehemu. Ndani ya ua walikuwa Mwanakombo, wanawe, Kondo na wale wazee wa msikitini. Nje ya ua walisimama wanakijiji wengi, wamekunja mikono, wamekuja kuangalia nani ataingia. Fransis aliomba ruhusa, akasimama walipoweza wote kumsikia. Hakutaja bafa. Alichukua ndoo na kata akasema: nachota mtungini, nikijaza ndoo naibeba kwa mwenye zamu, narudi. Kwa mtu wa mwisho ndoo haikujaa, nami nikadhani kazi imekwisha, nikaondoka nikaiacha. Mtu wa mwisho ni nyie. Shomari hakuiba. Hakuletewa.

Kisha mmoja nje ya ua akasema kijana kanunuliwa na mjane. Mwingine, jitu la miraba minne, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ambayo bado naisikia, kwamba kama Shomari hakuiba, basi wao ni nani. Hapo jiwe la kwanza likaja. La pili lilinipata mimi begani. Kondo alitoka na panga akamkata mtu mkono, watu wakamwangukia, na nikaona meno ya mtu yakiwa kwenye mchanga sijui ya nani. Fransis hakukimbia. Alisimama na ile kata akirudia kwamba kosa ni lake.

Ndipo Mwanakombo akamsogelea, na watu wakatulia wamsikilize. Alimwita mwanangu. Alimuuliza kama kosa lenyewe ameshalirekebisha. Akajibu ndiyo, mama. Akamuuliza kulirekebisha kulichukua muda gani. Rosalia, ningekuwa karibu ningemziba mdomo. Mwanao hakujua kudanganya. Akasema, muda wa kunywa kikombe cha chai.

Aliingia ndani akatoka na mchi wa kutwangia. Hakupiga kelele. Alimpiga kichwani, na alipoanguka akampiga tena, sauti ya mchi ikawa kama ya kinu chenye mpunga. Alimpiga mpaka mikono yake mwenyewe ikamwachia mchi.

Na wale wa nje, waliokuwa wakirusha mawe, sasa walimkimbilia mwanamke huyo na kamba. Nilivyoona haraka yao, nilielewa. Walikuwa wamepata muuaji, na muuaji si wao. Kijana wetu alikufa juu ya lori nililoliomba litupeleke hospitali, kabla hatujafika Mjimwema, kichwa chake mapajani mwangu. Alikuwa akiniuliza kama wameelewa ile ya ndoo. Nilimwambia wameelewa.

Kituo cha polisi waliniuliza nani kampiga. Mwanakombo alikuwa ameketi sakafuni, mikono imefungwa, hakukana wala hakukiri. Nilisema ni jiwe, lililotoka kwenye umati, na sikumwona aliyelirusha. Mwenyekiti na wenzake walinitazama. Nami niliwatazama mmoja mmoja, nikaongeza kwamba jiwe la mizani lililomvunja taya marehemu Shomari nililiona bado lipo uani. Wote wakasema ni kweli, ni jiwe, na hawakumwona aliyelirusha. Mwanakombo akafunguliwa. Sembe imeanza kufika kule.

Sasa swali langu. Kwa desturi yetu neno la mjomba juu ya damu ya mpwa halipingwi, na mimi nimeshasema. Lakini sikukuuliza, na aliyembeba tumboni ni wewe. Huenda unaona nimeuza damu ya mwanao kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua, na hata mimi usiku mwingine naona hivyo. Nimesema jiwe. Ukiniandikia niseme mchi, nitavuka kwa pantoni siku hiyo hiyo nikaseme mchi.

Tumemzika Fransis makaburi ya Temeke, upande wenye kivuli, na padri alikuja. Wasalimie wajomba wadogo, msalimie Yuliana na watoto wake, na wote wanaoniulizia huko ambao bado wananikumbuka kwa sura. Mungu akushike mkono.

Ni mimi kaka yako,
Kornelio