Gari la Kijani kwa Geti

Jumatano, Novemba 1998

Huyo dereva angepiga honi tu, singekaa chini kwenye matope.

Tangu Jumapili redio inasema majangili wenye bunduki wameua askari wa wanyamapori huko kaskazini, na majina hawataji. Mume wangu yuko huko, analinda vifaru. Leo saa kumi jioni gari la kijani la hao askari likasimama kimya hapa kwa geti. Kila mtu kwa hii ploti anajua gari hilo likija bila honi huleta habari za kifo, nami nikakaa chini pale pale. Kabla dereva hajashuka, jirani yangu Mama Achieng' alikuwa ameshaweka sufuria kubwa ya chai motoni, na majirani wengine wanatoa viti nje.

Dereva akanipa buti za mume wangu, soli zimebanduka. "Mama Mwende, mzee anasema fundi wa hapa Kitengela ndiye anazijua. Atazifuata mwenyewe mwisho wa mwezi."

Nilimgombeza dereva mpaka akaomba msamaha, halafu nikalia.

Najua akishazichukua buti atarudi huko kwenye risasi. Hilo sijalisahau.

Lakini chai ilikuwa tayari. Tulikaa kwenye viti vya matanga tukainywa yote, tukibishana kama hizo buti zinastahili soli mpya.